Ndoa kati ya Ndugu na Watoto Wenye Ulemavu wa Akili: Swali la Undugu Liulizwe Lini?



Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi mapadre hupeleka Komunyo Takatifu kwa wazee na wagonjwa majumbani. Huku Uru njia hupanda kati ya migomba na kahawa mpaka mahali ambapo gari haliwezi tena kuendelea, na kutoka hapo padre na katekista hufuata mfereji kwa miguu. Miaka kadhaa iliyopita nilifika kwa namna hiyo katika nyumba ya bibi mmoja aliyekuwa akisumbuliwa na miguu. Tulipokuwa tunamalizia sala ilisikika sauti kutoka chumba cha nyuma, sauti ambayo haikuwa maneno wala kilio. Hakuna aliyegeuza shingo. Nilipouliza, mkamwana wa yule bibi alijibu kwa kifupi: "Ni mwanangu, Baba. Huwa hatoki."

Kijana alikuwa na umri wa miaka 14. Alikuwa amebatizwa akiwa mchanga. Tangu siku ile Kanisa halikumwona tena. Nilimbariki, tukaaga. Mama yake alitusindikiza mpaka kwenye ua wa masale, akamwacha katekista atangulie, ndipo akaniuliza swali ambalo bila shaka alikuwa amelibeba kwa miaka mingi: "Baba, ni kweli kwamba mimi na mume wangu ni ndugu?"

Nimebadili mambo madogo madogo katika simulizi hili na katika lile litakalofuata, ili wahusika wasitambulike. Lakini swali lenyewe sikulibadili. Nimelisikia mara nyingi, katika sura mbalimbali: kwenye jumuiya ndogo ndogo, kwenye misiba, hata sakristiani. Mtoto anapochelewa kukaa, kutembea au kusema, watu hawaulizi kwanza alizaliwaje au aliugua nini. Huuliza wazazi wake wametoka wapi. Na kwa kuwa huku mlimani karibu kila nyumba imeoana na nyumba nyingine, undugu wa namna fulani haukosekani; ukitafutwa, hupatikana. Ukishapatikana, hukumu imekwisha kutolewa, na kwa kawaida anayehukumiwa ni mwanamke.

Kwa hiyo napenda tulitazame jambo hili kwa utulivu, kwa kuwa ndani yake kuna mambo mawili yanayochanganywa. Lipo swali halali na la lazima juu ya undugu, nalo huulizwa kabla ya ndoa. Na lipo swali linalofanana nalo kwa maneno, ambalo huulizwa baadaye juu ya kitanda cha mtoto, nalo huwa ni shutuma.

Kanisa huhesabu vipi undugu

Sheria ya Kanisa tunayoifuata sasa ilitangazwa na Mtakatifu Yohane Paulo II tarehe 25 Januari 1983. Kanuni yake ya 1091 inasema kwamba undugu wa damu wa moja kwa moja, yaani wa mzazi na mtoto, babu na mjukuu, na kuendelea, hubatilisha ndoa daima. Undugu wa pembeni hubatilisha ndoa mpaka ngazi ya nne, na hiyo ya nne ikiwamo.

Ngazi hizo huhesabiwaje? Kanuni ya 108 inatoa njia rahisi: wahesabu watu wote wa pande mbili, kisha umwache yule mzazi wa asili ambaye pande zote mbili zinakutana kwake. Chukua mimi na mtoto wa baba yangu mdogo. Mimi ni wa kwanza, baba yangu ni wa pili, baba mdogo ni wa tatu, mtoto wake ni wa nne. Babu yetu hahesabiwi. Hivyo tuko katika ngazi ya nne, na hatuwezi kuoana. Kwa hesabu hiyo hiyo kaka na dada wako katika ngazi ya pili, na mjomba na mpwa wake katika ngazi ya tatu. Wala Kanisa halitofautishi kati ya waliozaliwa ndani ya ndoa na waliozaliwa nje, wala kati ya ndugu wa baba na mama mmoja na wale waliochangia mzazi mmoja tu. Mtoto ambaye baba alimpata Arusha akiwa kijana ni dada kamili mbele ya sheria hii, hata kama hajawahi kukanyaga kihamba cha babu yake.

Mila yetu Wachagga huhesabu kwa njia nyingine. Sisi hufuata ukoo wa baba, na ndani ya ukoo mmoja watu hawaoani, hata undugu wao ukiwa wa mbali kiasi kwamba hakuna anayeweza kuueleza. Katika hili mila ni kali kuliko Kanisa. Hata hivyo jina la ukoo halionyeshi kila kitu. Mtoto wa shangazi ana jina la ukoo wa baba yake. Mtoto wa mama mdogo vilevile. Kijana na binti wanaweza kukutana chuoni Dar es Salaam au Mwanza, wakaulizana majina, wakaona ni ya koo mbili tofauti, wakafurahi, kumbe mama zao wamelala kitanda kimoja utotoni. Kanisa huhesabu upande wa mama sawasawa na upande wa baba, na kwa sababu hiyo huona yale ambayo jina huyaficha.

Wazee waliofunga ndoa kabla ya mwaka 1983 watakumbuka kwamba zamani sheria ilifika mbali zaidi: hata watoto wa mabinamu walihitaji ruhusa. Na karne nyingi kabla ya hapo makatazo yalikuwa mapana mno, mpaka Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, ulipoyapunguza. Mipaka imesogezwa mara kwa mara, kwa kuwa sehemu yake ni sheria ya kibinadamu ambayo Kanisa huweza kuilegeza. Ndiyo maana katika ngazi ya tatu na ya nne Baba Askofu anaweza, kukiwa na sababu nzito, kutoa dispensasio, yaani ruhusa ya pekee. Lakini katika undugu wa moja kwa moja, na kati ya kaka na dada, ruhusa hiyo haitolewi kamwe. Na pakiwa na wasiwasi tu kwamba huenda wawili ni ndugu wa namna hiyo, ndoa hairuhusiwi.

Niongeze neno kuhusu sheria ya nchi, kwani vijana hunijia nayo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza ndoa na wazazi, mababu, watoto, wajukuu, kaka, dada, wajomba, shangazi na wapwa, mabinamu haiwakatazi. Kwa hiyo mabinamu wanaweza kufunga ndoa halali ya kiserikali huku mbele ya Kanisa wakiwa bado wana kizuizi. Kusema "bomani wametukubali" hakuondoi kizuizi hicho.

Sababu ya katazo si hospitali

Waamini wengi hudhani kwamba Kanisa limekataza ndoa za ndugu kwa ajili ya kuzuia ulemavu. Dhana hii ndiyo chimbuko la shutuma niliyoitaja, maana mtu akiamini hivyo, basi kila mtoto mwenye ulemavu huonekana kama ushahidi wa sheria iliyovunjwa.

Tazama jinsi sheria yenyewe ilivyo. Kizuizi cha undugu kinawabana hata wazee wa miaka 70 ambao hawatazaa tena. Kanuni ya 1094 inakataza ndoa kati ya mzazi na mtoto aliyemwasili kisheria, na kati ya mtoto huyo na watoto wa nyumba hiyo, ingawa hawana hata tone moja la damu ya pamoja. Kanuni ya 1092 inamkataza mwanamume kumwoa mama wa marehemu mke wake, au binti ambaye mke huyo alikuja naye. Katika hayo yote hakuna suala la kurithi magonjwa. Kinacholindwa ni nyumba.

Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake kiitwacho Mji wa Mungu, aliieleza sababu hiyo zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, naye hakuzungumzia afya. Hoja yake ni kwamba upendo unapaswa kusambaa. Mtu ambaye tayari ni ndugu yako, tayari mmefungwa kwa upendo. Oa kwingine, ili na wale waliokuwa wageni wawe jamaa zako. Mchagga anaielewa hoja hii bila mwalimu. Ndiyo sababu posa huwakutanisha watu wengi hivyo, na mbege haipelekwi kwa mtu mmoja bali kwa ukoo.

Mimi huongeza jambo moja linalonigusa kama mchungaji. Watoto wetu wengi hulelewa na ndugu. Binti wa kijijini hupelekwa mjini kwa baba mdogo ili asome. Kijana hukaa kwa shangazi akitafuta kazi. Nyumba hizo zinaweza kuwa salama kwa sababu tu kila mtu anajua, bila kuambiwa, kwamba huyu ni mtoto na yule ni mzazi. Siku mlango wa ndoa ukifunguliwa kidogo kati yao, binti yule hana tena mahali pa kulala kwa amani. Na pale ambapo binti ametendewa vibaya na ndugu yake, hilo si suala la ndoa hata kidogo. Sheria ya nchi ya mwaka 1998 kuhusu makosa ya kujamiiana inaliita kosa la jinai. Kikao cha ukoo cha kuyamaliza nyumbani hakimponyi mtoto huyo. Mahali pa kwenda ni dawati la jinsia la polisi na ofisi ya ustawi wa jamii.

Kuna wanaouliza: mbona Yakobo aliwaoa Lea na Rakeli, mabinti wa mjomba wake? Mbona Abrahamu anasema Sara ni binti wa baba yake? Hata Amramu, baba yake Musa, alimwoa shangazi yake. Ni kweli, Maandiko hayafichi. Lakini baada ya hao, katika sura ya 18 ya kitabu cha Walawi, taifa hilo hilo liliwekewa mipaka ambayo ingezibatilisha baadhi ya ndoa za mababu zake. Mungu aliwalea watu wake hatua kwa hatua, na yaliyosimuliwa juu ya mababu si yote yaliyoamriwa kwa watoto wao.

Wala haitupasi kuwabeza majirani zetu. Pwani na Visiwani, na kwa ndugu zao walioko Oman, kuoa binamu ni desturi ya heshima, na dini yao inairuhusu. Tafiti zilizofanywa Oman zimeonyesha kwamba takriban nusu ya ndoa huko ni za watu wenye undugu wa namna fulani. Wana sababu zao: kujuana, kulinda mali, kumlinda mke ndani ya jamaa. Sisi tuna njia yetu na tunaishika bila kuwatukana.

Sayansi inasema nini hasa

Hata hivyo isidhaniwe kwamba undugu hauna uzito wowote katika afya ya watoto. Unao, nao unaweza kuelezwa.

Kila mtu amepokea chembe za urithi, yaani jeni, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Karibu sisi sote tumebeba chache zenye kasoro ambazo hazituletei shida, kwa kuwa jeni nzuri iliyopokewa kwa mzazi wa pili hufanya kazi kwa ajili ya zote mbili. Selimundu hurithiwa hivi, ualbino pia. Baadhi ya magonjwa yanayodhoofisha akili hurithiwa kwa njia hiyo hiyo. Shida hutokea pale baba na mama wanapokuwa wamebeba kasoro ile ile. Hapo, katika kila mimba, kuna nafasi moja kati ya nne kwamba mtoto atapokea kasoro kutoka pande zote mbili na kuugua. Sasa, mabinamu wanachangia takriban sehemu moja ya nane ya jeni zao, kwa kuwa babu na bibi zao ni wamoja. Ndugu wa baba mmoja wanachangia robo. Ndugu wa baba na mama mmoja, nusu. Kadiri wanavyochangia zaidi, ndivyo uwezekano wa kubeba kasoro ile ile unavyokua.

Unakua kwa kiasi gani? Katika mji wa Bradford, Uingereza, wanakoishi watu wengi wenye asili ya Pakistani wanaooana mabinamu, watafiti walifuatilia watoto zaidi ya 11,000 na kutoa matokeo mwaka 2013. Kwa wazazi wasio na undugu, watoto wapatao 3 katika kila 100 walizaliwa na kasoro fulani ya maumbile. Kwa wazazi mabinamu walikuwa wapatao 6. Hatari imekuwa maradufu, na hilo si jambo dogo. Lakini isomwe pia kutoka upande wa pili: watoto wapatao 94 kati ya 100 wa mabinamu hawakuwa na kasoro hizo, na watoto 3 wa wazazi wasiohusiana kabisa walikuwa nazo. Mabinamu wakioana kizazi baada ya kizazi, au undugu ukiwa wa karibu kuliko huo, hatari huongezeka sana. Undugu ukiwa wa mbali, hatari hushuka upesi mpaka ikaribie ile ya watu wote.

Kwa hiyo huku kwetu, ambako mabinamu hawaoani, ulemavu wa akili wa watoto unatoka wapi? Mara nyingi unatoka mahali ambapo hatupatazami. Mtoto aliyekwama njiani wakati wa kuzaliwa akakosa hewa. Homa ya manjano ya mtoto mchanga iliyoachwa bila tiba kwa kuambiwa "itaisha yenyewe." Malaria iliyopanda kichwani, hasa kwa ndugu zetu wa tambarare. Uti wa mgongo, au degedege la muda mrefu. Upungufu wa madini joto wakati wa ujauzito, ambao ni tatizo la kale la watu wa milimani. Kwa sababu hiyo tunasisitiziwa chumvi yenye madini joto. Na pombe. Hapa naomba akina bibi wanisamehe: bado wapo wanaomhimiza mjamzito anywe mbege kidogo apate nguvu, wakidhani kwamba kwa kuwa imetokana na ndizi na ulezi ni chakula. Pombe anayokunywa mama humfikia mtoto tumboni, na inaweza kuudhuru ubongo wake kwa maisha yote.

Kisha kuna hali ya Down, ambayo watu wengi huitambua kwa sura. Mwaka 1959 Profesa Jérôme Lejeune wa Ufaransa na wenzake walionyesha kwamba mtoto huyo ana kromosomu moja ya ziada, ya jozi ya 21. Kwa kawaida haina uhusiano na undugu wa wazazi. Huongezeka kadiri umri wa mama unavyokuwa mkubwa. Lejeune alikuwa Mkatoliki, na kazi yake iliyobaki aliitumia kuwatetea watoto hao wasiuawe kabla ya kuzaliwa. Mwaka 2021 Kanisa lilimtangaza kuwa Mtumishi wa Mungu mwenye kustahili heshima.

Niseme pia kwamba lugha yetu inachanganya mambo. Watu husema "mtindio wa ubongo" kwa kila mtoto wa namna hii. Mtindio wa ubongo ni shida ya viungo na misuli iliyotokana na ubongo kudhurika. Wako wenye mtindio ambao akili zao ni timamu kabisa, wanasikia kila tunachowasema wala hawawezi kujibu. Nafikiri juu ya hilo kila ninapowasikia watu wazima wakizungumza juu ya kichwa cha mtoto kana kwamba hayupo.

Nilichokikuta katika madaftari

Niliporudi parokiani nilifungua madaftari ya ubatizo. Kilema ilifunguliwa mwaka 1891, Kibosho mwaka 1893, na tangu siku hizo wamisionari na mapadre wa mlima huu wameandika: jina la mtoto, baba, mama, msimamizi, na baadaye pembeni, ndoa. Kwa msaada wa mzee mmoja mwenye kumbukumbu nzuri kuliko kompyuta, tulipanda kizazi kwa kizazi. Undugu ulikuwepo. Mama wa babu yake mume na baba wa bibi yake mke walitoka tumbo moja. Hesabu: watu wanne upande huu, wanne upande ule, yaani ngazi ya nane. Hakukuwa na kizuizi cha Kanisa, na koo zao zilikuwa mbili. Kwa upande wa damu, walichangia takriban sehemu moja kati ya 128, karibu sawa na watu wasiojuana.

Nilipomweleza mama yule, alikaa kimya, kisha akaenda kuleta kadi ya kliniki ya mwanawe, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Uchungu ulikuwa umechukua siku mbili kabla hajafikishwa kwa mkunga. Mtoto alizaliwa amelegea, na hakulia. Yote yalikuwa yameandikwa pale kwa miaka 14. Hakuna mtu aliyekuwa amemsomea.

Ukimya kabla ya tangazo la tatu

Simulizi la pili linatoka parokia nyingine niliyotumikia zamani, mbali na hapa. Wachumba walikuwa wamemaliza mafundisho. Matangazo mawili yalikuwa yamesomwa, kamati ya harusi imekusanya michango, ukumbi umelipiwa. Jumamosi ya kuelekea tangazo la tatu alikuja mzee mmoja sakristiani, akafunga mlango, akasema bibi harusi ni mtoto wa baba mmoja na bwana harusi. Mama wa binti alikuwa amezaa kabla ya kuolewa, na mtoto akapewa jina la mume. Mzee alijua tangu mwanzo. Nilimuuliza kwa nini hakusema siku ya posa. Alisema hakutaka kuvunja nyumba mbili. Alitumaini vijana wangeachana wenyewe.

Vipimo vya vinasaba vilithibitisha. Sitaeleza zaidi.

Kanuni ya 1069 inawawajibisha waamini wote wanaofahamu kizuizi wakitoe kwa paroko au kwa Askofu kabla ndoa haijafungwa. Matangazo yanayosomwa kanisani yana kazi hiyo, ingawa wengi tunayasikiliza kama taarifa ya sherehe. Anayejua na kunyamaza hamlindi mtu. Katika siku hizi ambapo vijana hukutana mijini na kwenye simu, na watoto wengi wamelelewa bila kumjua baba, ukimya wa wazee umekuwa wa hatari kuliko ulivyokuwa zamani, wakati washenga walipouliza nyumba kwa nyumba mpaka wakaridhika.

Wazazi wenye mtoto nje ya ndoa, naomba muwaambie watoto wenu. Si lazima jambo litangazwe. Desemba, ukoo unaporudi nyumbani na wajukuu wamejaa uani, ipo jioni moja inayotosha kumwita kijana kando na kumwambia: una dada, jina lake ni hili, mama yake anakaa mahali fulani. Itauma. Aibu hiyo ya jioni moja nimeiona, na ile ya sakristiani nimeiona pia.

Na kama wapo waliokwisha kufunga ndoa kisha wakagundua undugu, wasikimbie, wala wasiachane kwa amri ya majirani. Waje kwa paroko. Ikiwa ni ngazi ya nne, mara nyingi ndoa inaweza kurekebishwa kwa ruhusa ya Askofu. Na kama ndoa ilifungwa kanisani, hata na mmoja wao tu akiwa na nia njema bila kujua kizuizi, watoto wao ni halali mbele ya Kanisa, kwa kanuni ya 1137, bila mashaka yoyote.

Mtoto mwenyewe

Wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Injili ya Yohane, sura ya 9, inaonyesha kwamba Bwana alikataa pande zote mbili za swali. Kisha akainama, akatengeneza tope, akamhudumia yule mtu. Wanafunzi walikuwa wanajadili asili ya upofu. Yeye alishughulika na kipofu.

Kwa upande wa mwili, mtoto anaweza kusaidiwa hata akiwa amechelewa. KCMC ipo chini tu ya vijiji vyetu, na huko kuna madaktari wa watoto, wataalamu wa fiziotherapia na wa tiba kwa vitendo. Kifafa kina dawa. Mtoto anaweza kufundishwa kukaa, kushika kijiko, kuomba kwenda msalani, na kwa mama anayembeba mgongoni mtoto wa miaka 10 hayo si mambo madogo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma, na ofisa ustawi wa jamii anapaswa kuwajua watoto hawa.

Kwa upande wa roho, sisi wachungaji tuna deni. Kanuni ya 852 inamweka asiye na matumizi ya akili pamoja na watoto wachanga kwa habari ya ubatizo: hadaiwi mafundisho asiyoweza kuyashika. Na Papa Benedikto XVI, katika waraka wake wa mwaka 2007 juu ya Ekaristi, namba 58, alielekeza kwamba wenye ulemavu wa akili waliobatizwa na kupata Kipaimara wapewe Komunyo pia. Wanaipokea katika imani ya familia yao au ya jumuiya inayowasindikiza. Makatekista wanaomrudisha mtoto nyumbani kwa sababu hajui Amri Kumi, basi wajue hilo.

Nilirudi kwa yule bibi mwezi uliofuata, na hesabu ya ngazi nane nikiwa nimeiandika kwenye karatasi. Nilimsomea mbele ya mkamwana wake. Hakusema kitu, aliomba miwani, akaisoma tena mwenyewe, jina kwa jina, akanisahihisha jina moja la mwaka 1921 nililokuwa nimelikosea. Mwaka uliofuata mjukuu wake alipokea Kipaimara na Komunyo siku moja. Sheria haimruhusu mama wala baba kuwa msimamizi, kwa hiyo tulihitaji mtu mwingine. Bibi alikuja amebebwa kwenye kiti na vijana wawili wa jumuiya, akawekwa karibu na benchi la mbele, na Baba Askofu alipofika kwa kijana yule, mkono uliokuwa begani mwake ulikuwa wa bibi.